Mrija wa Nyongo wa Mzee Khalfan

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mkisikia bibi yenu alifanya kazi hospitali mnadhani alikuwa akifagia tu. Nimefagia, sikatai. Lakini miaka yangu ya mwisho nlikuwa chumba cha kamera, wanapochungulia matumbo ya watu, na huko nimeuona ujinga wa waliosoma na wasiosoma, wote sawasawa.

Siku ya kwanza sista mkuu, Mkenya mmoja mrefu asiyecheka ovyo, alinivisha aproni ya madini ya risasi, nzito kama gunia la mchele. "Mama, hii huivui mpaka niseme. Hiyo mashine inapiga picha za mionzi." Kazi yangu ilikuwa kumlaza mgonjwa kifudifudi na kumshika asigeuke, kisha kuuosha ule mpira mrefu wenye kamera. "Usiuoshe kama sufuria," akanambia. "Uoshe kama chupa ya mtoto mchanga."

Nyongo hutoka kwenye ini ikapita kijinjia chembamba mpaka kwenye utumbo. Saratani ikimea pale, njia inabanwa, nyongo inarudi kwenye damu. Macho yanakuwa manjano, mkojo kama chai ya rangi, na mwasho, mtu anajikuna mpaka anatoka damu. Wengine walitujia washachomwa chuma cha moto mikononi na waganga, ndio kwanza wanaikumbuka hospitali! Daktari huupitisha mpira mdomoni mpaka utumboni, akatia mrija mdogo pale palipobanwa, nyongo ikashuka. Ikishuka, sista husema "Alhamdulillahi", na mwenyewe Mkristo.

Lakini mrija hauondoi saratani. Unafungua njia tu. Nimelisema hili mpaka nimechoka.

Akaja Mzee Khalfan wa mtaa wa Al Khoudh, mtu wa Unguja kama sisi tuliohamia huku ng'ambo, manjano tupu. Alipokwisha kutiwa mrija, daktari mkuu akawaita wanawe ukumbini, na mimi nimesimama hapo na kitanda.

"Ugonjwa upo, hautaondoka," akawaambia. "Mrija unampa nafasi. Kama ana jambo lake, alifanye sasa. Na akishikwa na homa na kutetemeka, mleteni saa ile ile, mrija utakuwa umeziba."

Salim, mwanawe mkubwa, akasema, "Baba asiambiwe, daktari. Khofu itamuua."

"Akiniuliza mwenyewe nitamjibu."

Basi Salim akahakikisha hamuachi baba yake peke yake na daktari. Ndio mila yetu: mgonjwa ndiye wa mwisho kujua.

Mzee aliporudi kuangaliwa, macho meupe, anakula, ana maneno. "Wewe bibi, ulinikamata kama kuku wa kuchinjwa!" Akanambia anataka kwenda Unguja kumuona dada yake, ndiye pekee aliyebaki, na dada huyo hawezi tena kusafiri. Salim akadakia, "Ushapona baba, haraka ya nini? Tutakwenda wakati wa likizo." Wakachinja mbuzi, wakaalika watu, karamu ya kupona.

Nikamwita Salim pembeni. "Mpelekeni mzee kwa dada yake."

"Mama, wewe sukuma kitanda chako."

Homa ilipokuja wakamfunika mablanketi nyumbani, wakampa asali. Wangemwambiaje kwamba mrija umeziba, na wao wamekwisha kumwambia kapona? Walipomleta anatetemeka, manjano tena. Daktari akaubadilisha mrija, lakini sumu ilikuwa ishaingia kwenye damu.

Salim alikuwa nje anatafuta pa kuegesha gari. Mzee akanishika mkono. "Bibi, mimi nimepona kweli?"

Nikatoka kumwita daktari. "Anauliza mwenyewe."

Daktari akakaa kitandani, akamwambia yote. Mzee hakufa kwa khofu. Akasema, "Nipeni simu." Salim alipoingia alimkuta baba yake anazungumza na dada yake wa Unguja kwa video, wanachekana upara na meno yaliyong'oka. Ndivyo walivyoonana, kwenye kioo cha simu. Hakutoka tena hospitali.

Mpaka leo nnakasirika. Mrija ulimpa mzee nafasi, watoto wakaila pamoja na mbuzi.

Nilipostaafu niliwakusanya wanangu na wajukuu hapa nyumbani Azaiba, nikawaambia: macho yangu yakigeuka manjano, daktari atazungumza na mimi. Nyinyi ndio mtakaotoka mkasubiri ukumbini.