Mkono Uliofutwa Kwenye Hadithi

Mwanangu, nasikia unaandika upya kitabu cha kale ili wenzako wakielewe. Kabla hujaendelea, nikupe siku moja ya Endulen, kijiji cha wafugaji, ambayo haijanitoka mpaka leo.

Nilikuwa kijana. Rafiki yangu Safari, mtoto wa wakulima wa Karatu kama mimi, alikuwa ameiandika kwa Kiswahili cha leo hadithi ya wafugaji iliyomo katika kitabu cha zamani. Mvulana anapoteza ng'ombe wa ukoo kwenye malisho ya Olbalbal wakati wa kiangazi, kisha anarudi kwa babu yake. Maneno magumu Safari aliyabadilisha vizuri, nami nikamsifu. Ila Mzee Lemayian, ambaye ukoo wake ndio ulioisimulia, alitaka kwanza asomewe. Asiporidhika, hakuna kitabu.

Safari akasoma mbele ya mzee na watu wa ukoo wake. Watu walicheka, akina mama wakasogea karibu. Akafika pale mvulana anapoingia bomani: "Akampa babu yake mkono, wakaenda kula."

Kijana mmoja nyuma akauliza, "Kwani babu alikuwa mtalii, apewe mkono?" Wenzake wakacheka. Mzee hakucheka.

"Mwanangu," akamwambia Safari, "huyo mtoto alisamehewa lini?"

Safari akajieleza kwamba pale palikuwa na salamu tu, tena ndefu, ingewachosha wasomaji. Nikafungua kitabu cha zamani. Humo mvulana aliinamisha kichwa. Babu alimwacha hivyo kwa muda mrefu, ndipo akaweka mkono juu yake.

Sisi tumezoea kupeana mikono. Kwao mtoto huinama aguswe kichwani, na mkono ule wa babu ndio uliokuwa msamaha wenyewe. Tulikuwa tumeufuta, tukaita kazi nzuri.

Safari aliandika upya sehemu ile palepale, kwa maneno mepesi ya leo, ila kichwa kikainama na babu akakawia. Aliposoma tena, mzee alimwita mbele. Safari, ambaye hajawahi kusalimia hivyo, akainama vibaya, miwani nusura ianguke. Mzee naye akakawia. Kisha akamwekea mkono kichwani, na kitabu kikapata ruhusa.

Kwa hiyo, mwanangu, neno lililosahaulika libadilishe, na sentensi inayochosha ifupishe. Lakini tendo usilolielewa usiliguse kabla hujawauliza wenyewe. Mungu akujalie msikilizaji atakayekuuliza swali kama lile kabla kitabu hakijachapwa, na mkono wake ukushukie kichwani.