Kishikio Chekundu cha Gari la Mbio

Gari lile halikuundwa kwa watu kama sisi. Bosi wangu wa gereji pale Arua alikuwa akishindana nalo mbio za siku nne mfululizo, na alipohama nchi akaniachia funguo. Lilikuwa na viti viwili tu, taa sita mbele, namba kubwa milangoni, na ekzosi iliyonguruma mpaka mbuzi wa kijijini kwetu Inde wakakata kamba.

Nililitaka kwa jambo moja. Mke wangu alikuwa na mimba, na kwa desturi alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kijiji cha Kuluba, kule Koboko. Mtoto wetu wa kwanza alifia njiani, mama yake akipelekwa hospitali ya Arua juu ya baiskeli. Safari hii nikaapa: baiskeli hapana! Lakini gari bila karatasi lisingevuka vizuizi vya askari. Wangelichukua, na mimi pamoja nalo. Kwa hiyo ilikuwa lazima mkaguzi wa magari alipitishe.

Nikatoa taa nne, nikafuta namba, nikafunga sailensa, nikaweka kiti cha nyuma, honi na vioo vya pembeni. Kitu kimoja sikukigusa: kishikio chekundu, kama kidole gumba hivi, kilichokaa nje chini ya kioo cha mbele. Gari la mbio likipinduka, mtu yeyote akikivuta umeme wote unakatika. Nilikipenda, basi. Bila hicho niliona litakuwa gari la kila mtu. Majivuno tu.

Mkaguzi akakiinamia. "Hii iko nini?"

"Ndoano, afande. Ya kutundikia mzigo."

Akagonga muhuri. Nilicheka mpaka nyumbani, na tangu hapo kila aliyeuliza nilimjibu vivyo hivyo. Nilipolipeleka Kuluba kulionyesha, niliyasema hayo hata mbele ya wakwe, kisha nikamnong'oneza mke wangu ukweli. Akanitazama. "Wewe! Njia ya mwongo ni fupi."

Wiki chache baadaye dereva wa lori la tumbaku akaniletea habari: uchungu umeanza, na mtoto amekaa vibaya. Nilifika Kuluba jua la utosi. Nikamlaza mke wangu kiti cha nyuma, huku mama mkwe akihangaika upande wa pili wa gari, kisha naye akaingia. Nikawasha. Kimya. Taa hakuna, honi hakuna, hata starta haikukohoa.

Nikafungua boneti. Betri sawa, waya sawa. Kuku mmoja alikuwa akinipigia kelele karibu na sikio, nikamfokea anyamaze. Mke wangu alikuwa analia, na mimi nilikuwa nauona ule mzigo mdogo wa mara ya kwanza, umefungwa kwenye leso. Mama mkwe akaanza kuomba Mungu kwa sauti. Kwetu mtu haongei na mama mkwe ana kwa ana, maneno hupitia kwa mke. Basi mimi, mpumbavu, nikasema, "Mwambie mama anyamaze, nisikilize gari!"

Mke wangu akajibu meno yamebanana: "Mjinga wewe! Huyo kuku amefungwa wapi?"

Nikatazama. Kuku mnene, miguu juu, alikuwa akining'inia kwenye kishikio chekundu na kupapatika. Mkwe haondoki ukweni mikono mitupu, na mama alijua mzigo unatundikwa wapi. Nani alimwambia, kama si mimi?

Nikamfungua kuku, nikakisukuma kishikio ndani, nikawasha. Lahaula, ngurumo ile! Nililia waziwazi. Kila kizuizi askari walisoma karatasi, wakamwona mke wangu, wakainua mti.

Kabla jua halijazama binti yetu alikuwa hai, analia kwa hasira zangu mwenyewe. Niliketi kwenye ngazi za hospitali, nikisema alhamdulillahi bila kuchoka.

Kesho yake nilimwambia mke wangu amweleze mama yake kile kishikio ni nini, na aniombee radhi. Mama mkwe alikuwa amempakata mjukuu. Hakungoja mtu wa katikati. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni.

"Mwanangu," akasema, "usiku kucha nilidhani kuku wangu ameleta mkosi."

Nilitoka na spana, nikaking'oa kishikio, na mahali pake nikafunga ndoano ya kweli.