Mfumo wa Hilary Usiosubiri Diski

Krrr, krrr, krrr. Huo mlio wa diski, kama mashine ya kusaga iliyomeza kokoto, ndio Hilary aliouchukia kuliko yote duniani. Kila mteja wa kafe yake ya intaneti pale Karatu alipobonyeza kuhifadhi, kompyuta zilianza kusaga, na mteja akaanza kusonya.

Hilary, kijana wa Rombo aliyekuja kufuata watalii akaambulia kompyuta kuukuu, hakuwa mtu wa kusonywa. Mwaka 2005 aliufumua mfumo endeshi, ule unaoitawala kompyuta nzima, akaushona upya kwa mikono yake. Viwango walivyokubaliana watengenezaji wa mifumo vilidai jambo la kuchosha: programu ikiuliza kama maandishi yameshafika kwenye diski, mfumo usijibu "ndiyo" mpaka yafike. Hilary aliona huo ni urasimu mtupu. Mfumo wake ulijibu "ndiyo" papo hapo, kwa adabu zote, huku maandishi yakiwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukikatika.

"Viwango ni mambo ya Ulaya," aliwaambia waongoza watalii waliokuja kuishangaa kasi.

Kweli kabisa. Vibaki Ulaya, ambako umeme haukatiki. Karatu, ambako Piusi wa jirani akiwasha mashine ya kuchomelea mageti mtaa mzima unazimika, ndiko kulikostahili mbio. Kifaa cha kutunza umeme kilikuwa kimekufa zamani. Hilary alikiheshimu kwa kukiwekea chupa ya chai juu yake.

Asubuhi moja akaja Mwalimu Benedicta kutoka Kansay, na baba yake mdogo, Mzee Aloyce. Alasiri ile walikuwa wanamzika baba yake Benedicta, na wasifu wa marehemu ulikuwa usomwe kaburini. Aliyebaki akiyajua maisha yale ni Aloyce peke yake. Akasimulia, Benedicta akachapa. Alipofika mwaka wa njaa, marehemu kaka yake alivyombeba mgongoni kutoka Mbulu huku akimdanganya kuwa wamekaribia, mzee alilia. Benedicta akalia. Hilary akajifanya anafuta kioo.

Benedicta akabonyeza kuhifadhi. "Imehifadhiwa," ikaandika kompyuta kabla kidole hakijanyanyuka.

"He! Hii ina mbio!"

"Hizo ndizo zetu, mwalimu," alisema Hilary, akienda kuwasha printa.

Piusi naye akawasha mashine yake.

Umeme uliporudi, faili lilikuwapo. Jina zuri, ndani tupu.

"Si ilisema imehifadhiwa?"

"Ilisema, mwalimu."

"Kumbe imenidanganya."

Hilary alitaka kumweleza faida za kasi. Akamtazama usoni, akaghairi, akamgeukia Aloyce.

"Mzee wangu, samahani sana. Naomba turudie."

"Nitarudia," alisema Aloyce. "Ila ile ya njaa siirudii. Ile nimeshaitoa."

Hilary alimkimbilia Piusi akamsihi apumzike kidogo, kisha akatoa kwenye droo diski yenye mfumo wa zamani, ule mtiifu kwa viwango, akaifunga kwenye kompyuta. Mzee akaanza upya: kuzaliwa, kubatizwa, shamba la kahawa, watoto. Ukawa wasifu safi, mfupi, ambao ungemfaa marehemu yeyote. Benedicta akabonyeza kuhifadhi.

Krrr, krrr, krrr.

"Sasa imeganda?"

Hilary alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Inaandika kweli."