Pumzi za Mzee Wachira

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mtambo wowote. Fundi Mkuu wa studio ile ya Nairobi alinipa waya wa maikrofoni, akanionyesha jinsi ya kuukunja kwa duara bila kuupinda. Nilikunja waya kutwa nzima. Nilikuwa msichana wa Bungoma mwenye cheti cha umeme, nikadhani ananidharau kwa kuwa mimi ni mwanamke. Jioni akaniambia, "Nekesa, wiki ijayo utaketi nami mezani. Lakini mikono ikae magotini mpaka nikwambie."

Meza aliyoisema ni ile ya kuchanganyia sauti, yenye vitufe vya kusukuma juu na chini, kila kitufe kikishika chombo kimoja au mwimbaji mmoja. Nilikaa na mikono magotini miezi minne. Enzi hizo tulirekodi kwa tepu, na mwimbaji akikosea tulirudia wimbo tangu mwanzo. Baadaye kompyuta zikaja. Sasa uliweza kukata neno moja, hata herufi, ukaweka nyingine mahali pake. Wenzangu wengi waliacha kazi. Mimi nilijifunza, nikawa hodari.

Kwa sababu ya uhodari huo nilihamishiwa Nyeri, kwenye studio ya ghorofani pale Gatitu, juu ya duka la chakula cha ng'ombe. Asubuhi baridi ilivuruga nyuzi za magitaa, nasi tulichemsha chai kwanza ndipo tuanze kazi. Wateja wetu walikuwa kwaya za kanisa na watu wa matangazo ya dawa za mifugo. Bosi wangu tulimwita Meneja. Hakujua muziki, ila alijua redio wanataka nini.

Miaka michache kabla sijastaafu, bendi ya Mvua ya Mawe ilikuja kurekodi albamu. Ninyi vijana hamwijui. Wazazi wenu waliicheza roki yao katika kumbi zote kuanzia Kenol hadi Nanyuki, na mimi mwenyewe niliwahi kupoteza kiatu kwenye onyesho lao. Sasa walikuwa wazee wenye mashamba Mukurweini. Mwimbaji, Mzee Wachira, alikuwa mwalimu mstaafu aliyefiwa na mke. Mpiga ngoma, Muthui, figo zake zilikuwa zimeanza kushindwa. Albamu waliiita Tumebaki Wanne.

Nilikuwa nimerekodi watu kwa miaka thelathini na zaidi, lakini sikuwahi kusikia kitu kama kile. Magitaa yalinguruma kama zamani, lakini sauti ya Mzee Wachira ilikuwa imechakaa. Ilipasuka alipopanda juu, na kati ya mistari ulimsikia akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Katika wimbo aliomtungia mkewe, alipofika kwenye jina la mke huyo, sauti ilikatika kabisa. Kisha akaendelea chini chini. Nilimuuliza kama turudie.

"Hapana, madam," akasema. "Hapo ndipo iko hivyo. Wacha hivyo."

Nikaacha.

Bendi ilipoondoka, Meneja alisikiliza nyimbo mbili, akavua vifaa vya masikioni. "Hii sauti ni ya mzee mgonjwa. Hakuna redio itacheza hii. Inyooshe."

Kunyoosha ni kuiambia kompyuta ivute kila noti iliyopotoka mpaka ikae sawasawa. Nilimwambia Mzee Wachira hajakubali.

"Nekesa, wewe ni fundi ama ni shabiki?"

Ningeweza kukataa. Sikuwa na njaa wala sikutishwa. Ukweli ni kwamba swali lile liliniuma, nikataka kuonyesha mimi ni fundi. Kwa siku tatu nilivuta noti zake. Nilitafuta mahali pengine alipolitaja jina la mkewe vizuri, nikalihamishia pale lilipokatika. Nilizitoa pumzi zake, moja baada ya nyingine. Kazi ilikuwa safi. Meneja alinisifu mbele ya wafanyakazi wote.

Bendi ilikuja kusikiliza. Wimbo wa mkewe ulipoisha, Mzee Wachira aliniuliza, "Huyu ni nani?"

"Ni wewe," Muthui akamjibu.

"Mimi sijui huyu."

Alitaka ile ya kwanza irudishwe. Meneja akasema kazi ya kuchanganya itaanza upya, na itachukua miezi. Hapo Muthui akamshika mkono mwenzake. "Mimi nataka kuishika hii CD, Wachira. Siko na siku mingi."

Mzee Wachira akanitazama, nami nikatazama meza. "Basi itoke," akasema.

Ilitoka, na hakuna aliyeitaka. Redio zilizonyooshewa sauti ile hazikuicheza, magazeti hayakuandika hata mstari. Siku ya uzinduzi, katika ukumbi wa Mukurweini, viti vilibaki vitupu kuanzia safu ya tatu. Muthui alipiga ngoma akiwa na bandeji mkononi, pale alipochomwa sindano za kusafisha damu. Alifariki kabla ya mvua za masika.

Mwaka uliofuata Mzee Wachira alipanda ngazi za studio akiwa na kitambaa shingoni. Walikuwa wamemfanyia upasuaji wa koo. Alizungumza kwa mnong'ono, nikalazimika kumsogelea.

"Siimbi tena. Ile ya mke wangu, ile uliacha hivyo. Nipatie hiyo moja tu. Ni ya kusikiliza nyumbani."

Nilifungua kompyuta nikijua tayari. Kila robo mwaka tulifuta rekodi za kazi zilizokwisha ili kwaya zipate nafasi, na anayefuta nilikuwa mimi. Nakala tuliyoweka ilikuwa ya ile iliyonyooshwa. Hata hivyo nilitafuta mpaka chai aliyoletewa ikapoa.

"Nilifuta, mwalimu," nikamwambia. "Ni mimi."

Hakunigombeza. Aliuliza kama kuna mahali pengine inaweza kuwa. Nikasema hapana. Akavaa kofia, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Sasa nimestaafu. Vijana wa studio mpya hunipigia simu kuuliza habari za maikrofoni na kuta za kuzuia mwangwi, nami huwajibu. Wakiniuliza kazi gani najivunia, huwarudisha kwenye habari za maikrofoni. Nilipewa masikio mazuri, na siku yalipofanya kazi yake vizuri kuliko siku zote, sikuyafuata.

Mzee Wachira tulimzika mwaka jana. Kaburini, familia ilicheza CD ile kwa spika ya kanisa. Wimbo wa mkewe ulitiririka bila kasoro juu ya migomba, na watu wakalia. Mjukuu wake, msichana wa sekondari, alikuwa amesimama karibu nami.

"Sikujua guka aliimba safi hivi," akaniambia. "Tumeiweka kwa simu zetu zote, ndio tusisahau sauti yake."

Nikamwambia ni vizuri.