Gari la Mtunza Stoo

Watu wa Kilosa wana tabia moja mbaya, na leo isemwe waziwazi. Wakimwona mwanamke ameshika spana, wanaangaza macho huku na huku wakimtafuta mwanamume aliyemwachia aishike. Hildegarda Komba aliivumilia tabia hiyo miaka kumi na tisa ndani ya karakana ya shamba la mkonge, kisha ikamfuata mpaka uani kwake.

Alikuwa mtunza stoo. Babu yake alikuja kutoka Songea kukata mkonge, baba yake akakata mkonge, naye kwa sababu ya hati yake nzuri akakabidhiwa funguo za stoo ya vipuri. Fundi akija na mikono ya grisi kuomba plagi au mkanda wa feni, jibu lilikuwa lile lile, hata angekuwa meneja mwenyewe: "Stoo haitoi kitu bila saini." Walimcheka, wakamwita Mama Saini, lakini walisaini. Mara nyingi walikuja hawajui hata wanachotaka. Walimweleza mashine inavyolia, yeye akawaambia kipuri kilichokufa, wakarudi karakana kusifiwa. Jambo hilo lilimkera kila siku ya Mungu, na kila siku alilimeza.

Soko huria lilipofika, shamba likauzwa. Mwenye mali mpya alikuja na watu wake, wa zamani wakaagwa kwa hotuba ndefu na soda moja moja. Wengine walipewa baiskeli, wengine mabati. Hildegarda alipewa Volkswagen ya mgongo wa kobe iliyokuwa imelala nyuma ya karakana tangu enzi za foleni za sukari, pamoja na barua yenye muhuri: kwa mtunza stoo, kwa utumishi mwaminifu. Bodi ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukichungulia mlangoni unaona majani upande wa pili. Watu walishika mbavu. Mumewe Wenceslaus alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, kwa hiyo Hildegarda alijua kwamba angalau gari hilo hakuna atakayesema lilikuwa la mume wake. Alikosea, lakini hilo litakuja.

Wasichokijua waliocheka ni kwamba Hildegarda alikuwa na jambo lake kichwani. Zamani vipuri kutoka ng'ambo vilikuja vimefungwa kwa karatasi za magazeti, naye alikuwa akizikunjua na kuziangalia picha. Katika karatasi moja aliwaona wazungu wawili, mume na mke, uani kwao, wamevua bodi yote ya Volkswagen kama hiyo wakabaki na sakafu, magurudumu na injini, na pembeni lipo sanduku lenye bodi mpya ya kuvika juu yake. Karatasi ile aliitunza ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Sanduku la bodi hakuwa nalo wala hakuwa na wa kumletea, ila mabomba ya chuma na mabati ya mapipa anayajua yanakopatikana. Alitaka gari la wazi, jepesi, lenye tumbo pana nyuma, la kubebea nyanya kutoka Masanze hadi barabara kuu pale Mikumi, ambako mabasi ya kwenda Iringa na Mbeya husimama na abiria hununua bila kushuka.

Akaanza kulivua. Kila asubuhi akishatoka kulima, alitandika magunia uani, akafungua nati moja baada ya nyingine. Kila kilichotoka kilioshwa kwa mafuta taa, kikaingia kwenye kopo lake, kopo likafungwa lebo: kimetoka wapi, kilikuwa kimepakana na nini, kizima au kibovu. Ua mzima ukawa stoo. Siku bodi ilipobaki imeshikwa na bolti za sakafuni tu, alizifungua zote, akaita majirani wanane, wakainyanyua wakaiweka kando ya choo. Kuku walihamia humo jioni ile ile.

Ndipo washauri walipoanza kumiminika. Wanaume ambao hawajawahi hata kubadilisha mnyororo wa baiskeli walisimama uani mikono nyuma, wakamwita kwa jina la mwanawe, wakauliza: "Mama Ida, fundi wako nani?"

"Ni mimi."

"Aa, tunajua. Lakini fundi hasa?"

Jirani yake Mwamvua, muuza nyanya mwenye ulimi usio na breki, alikuwa akiwajibu kutoka upande wa pili wa ua: "Fundi hasa kaenda kuoga! Msubirini hapo juani!" Na wapo waliosubiri, kweli kabisa.

Aliyekuja mara nyingi kuliko wote ni Cornel, mdogo wa marehemu mumewe. Cornel aliendesha lori la miwa kule Kidodi, na kwa kuwa alijua kukanyaga mafuta, aliamini kwamba anajua magari. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanywa uji wa shemeji yake, akasema siku hizi Toyota za Japani zinashuka bandarini kila wiki, nani atahangaika na makopo. Miezi kumi na minne alikuja, akanywa, akacheka. Hakushika hata tambara la kupangusia.

Hildegarda aliendelea. Fremu ya mabomba aliipima mwenyewe kwa kamba na chaki, na Lupakisyo, mchomeleaji wa karibu na stesheni, akaichomelea kama ilivyochorwa. Huyo tusimtie katika lawama hizi. Yeye ndiye pekee aliyeuliza, "Mama, hapa unataka pembe kali au mviringo?" akafanya alivyoambiwa. Mabati ya mapipa yakanyooshwa kwa nyundo ya mbao, yakapakwa rangi ya kijani. Kabureta ilifunguliwa mara nne. Siku injini ilipowaka, Mwamvua alipiga vigelegele mpaka watu wakadhani kuna harusi, na Hildegarda alikaa chini ya ukuta akalia machozi ya furaha yaliyochanganyika na ghadhabu ya miaka yote ile.

Kesho yake Cornel alikuja amevaa shati la kola. Alilizunguka gari mara tatu.

"Shemeji," akasema, "gari la familia hili limependeza."

Familia! Hildegarda alilisikia neno hilo likimpita masikioni, akalinyamazia. Hilo ndilo kosa lake, na mwenyewe alikiri baadaye. Mkaguzi wa magari alikuwa anakuja Mikumi siku mbili tu, na bila cheti chake gari lisingegusa barabara kuu. Hildegarda alikuwa hajapata leseni. Alihitaji dereva, na Cornel alikuwa nayo leseni. Wakaomba kibali cha siku moja, wakaondoka alfajiri, Cornel kwenye usukani, Hildegarda pembeni, Mwamvua nyuma na matenga yake ya nyanya. Gari lilipanda na kushuka vilima vya Masanze bila kukohoa.

Mkaguzi alikuwa mzee aliyechoka, amekaa chini ya turubai na rundo la fomu.

"Shikamoo mzee," Hildegarda akasema.

"Marahaba," akajibu bila kuinua macho, kisha akamgeukia Cornel. "Ndiyo bwana. Gari lako hili?"

Alilikagua vizuri, tusimsingizie. Alilala chini, akatikisa magurudumu, akajaribu breki na taa. Akarudi mezani ameridhika. "Gari la kuundwa halina kiwanda," akasema. "Pale pa kiwanda ninaandika jina la aliyeliunda, na kama hakuna hati ya kuuziana, huyo ndiye mwenye gari. Nani kaliunda?"

Hildegarda alifungua mdomo.

"Mimi," Cornel akasema.

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Akatoa barua ya shamba kutoka kwenye bahasha aliyojitolea kuishika, akaeleza kwamba ilitolewa kwa heshima ya marehemu kaka yake, na kwamba shemeji alisaidiasaidia kuosha vyombo. Vyombo! Makopo mia mbili na kumi yenye lebo yalikuwa yamegeuka vyombo. Damu ilimpanda Hildegarda kichwani. Angeweza kupiga kelele, lakini alizijua ofisi: mwanamke akipiga kelele huambiwa akakae nje apoe, na akirudi ndani fomu imekwisha kuandikwa.

Kwa hiyo hakupiga kelele. Wakati Cornel akieleza alivyohangaika na kabureta, yeye alikwenda nyuma ya gari, akainua kifuniko cha injini, akafyatua vibanio viwili, akachomoa rota, kile kipande cheusi kisichozidi kidole gumba kinachozunguka na kugawa moto kwenye plagi. Akarudishia kila kitu. Rota ikaingia kwenye pindo la khanga.

"Haya, washa nisikie injini," mkaguzi akasema. "Halafu nimalizie kuandika."

Cornel akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akajaribu tena.

"Betri," akasema.

"Betri ndiyo inayoizungusha," mkaguzi akasema.

"Basi petroli." Petroli ilikuwepo. Cornel akashuka, akafungua nyuma, akagusa waya huu na ule, akapuliza kabureta, akapiga pembeni kwa ngumi. Jasho likaloanisha kola. Wenye magari kwenye foleni wakaanza kusogea kutazama, na Mwamvua, ameketi juu ya matenga, akauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Fundi, umeliunda miezi kumi na minne, limekusahau?"

Watu wakaangua kicheko. Mkaguzi akamwangalia Cornel kitambo, kisha kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama Hildegarda usoni.

"Mama, wewe unajua lina nini?"

"Najua. Halina rota. Iko hapa."

Akafungua pindo la khanga. Mkaguzi akanyoosha mkono. Hildegarda akafumba kiganja.

"Andika kwanza, mzee. Stoo haitoi kitu bila saini."

Mzee akavuta fomu, akafuta herufi mbili alizokuwa ameanza. "Jina?"

"Hildegarda Komba. Pale pa kiwanda, na pale pa mwenyewe."

Akaandika, akasaini, akaigeuza ili asome. Hildegarda alisoma kila herufi, na hakuharakisha. Ndipo akaenda nyuma, akarudisha rota mahali pake, akaketi kwenye kiti cha dereva na kuzungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja.

"Na huyu bwana ni nani?" mkaguzi akauliza, kalamu ikimwelekea Cornel.

Hildegarda alimtazama shemeji yake, na hasira ilikuwa bado haijapoa hata kidogo.

"Huyo ni dereva tu, mzee," akasema, akahamia kiti cha pembeni. "Na ni wa leo tu."