Boss alisema watu wa Faza hatujui network, cable iliyofichwa kwenye chokaa ikamjibu

Wakuu, salamu zenu kutoka Faza, kisiwa cha Pate.

Haya sikuambiwa na mtu. Kipande cha cable kilicholeta balaa bado ninacho kwenye droo, na mhusika mkuu akipita humu atajijua. Na ajijue tu.

Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya binafsi ya kupima ardhi. Tuna computer nne, printer moja mkaidi, na mashine tunayoiita server. Humo ndimo zinamokaa ramani zote tulizoskani. Mimi ndiye mtunza ramani, na kwa kuwa nilisomea computer Mombasa, mambo ya network nayo nimebebeshwa.

Sasa mwaka huu Ramadhani imeanza tu, kufungua ramani kutoka server ikawa shughuli. Ramani iliyokuwa inakuja kwa sekunde chache, unabonyeza, unaenda kuswali Adhuhuri, unarudi, ule mstari wa kijani bado uko katikati.

Wateja wametoka Siyu kwa pikipiki, wamefunga, wamekaa kwenye benchi wananitazama mimi.

Boss wetu, nimwite Bwana Kilonzo, ametoka bara na ana miaka miwili hapa. Hakuuliza kitu. Alisimama mbele ya wale wateja akasema, "Zuhura, network unaimaliza na movie zako. Nyinyi watu wa huku computer mnaijua ya kutazama tu."

Wakuu, iliniuma. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule ule. Akaongeza kwamba anaenda Amu, mjini Lamu, Alhamisi anarudi na fundi wa kweli, na fundi akikuta shida ni mimi, mkataba mpya nisahau.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nikasema moyoni, huyo fundi atakuta kazi imekwisha.

Nilianza na yale ya kila mtu. Kurestart, kuscan virusi, kubadilisha port kwenye switch, kile kisanduku kinachounganisha computer zote. Hola, hakuna kilichobadilika.

Nikatulia. Nikacopy ramani moja kutoka computer yangu kwenda ya jirani yangu. Sekunde tatu. Basi switch ni nzima.

Nikabeba laptop hadi ilipo server, nikaziunganisha moja kwa moja kwa cable fupi. Ramani ikafunguka papo hapo. Basi server nayo ni nzima.

Imebaki ile cable ndefu kutoka server hadi kwenye switch. Kufungua status ya connection, inasoma 10 Mbps, na inatakiwa isome 1 Gbps, mara mia ya hiyo. Movie zangu ziko wapi hapo?

Niwarudishe nyuma kidogo. Server zamani ilikaa chumba changu. Mwaka jana nilipokuwa likizo, harusi ya dada yangu, Bwana Kilonzo aliihamishia ofisini kwake, karibu na dirisha la upepo. Niliporudi nikaona inafanya kazi, sikuuliza cable imefikaje huko. Hilo kosa ni langu, nalikubali.

Jumanne nikaifuata cable kwa vidole, ukutani, mpaka ikapotea nyuma ya kabati la mafaili. Bi Khadija, mama anayetunza usafi wa ofisi, akanisaidia kulisogeza.

Nikagusa uvimbe mweupe.

Cable ilikuwa imekatwa, ikaungwa na kipande kingine ili ifike dirishani. Waya zimesokotwa kama za taa, zikafungwa tepu, na juu yake chokaa. Nilipobandua ile tepu, waya nyingine zilikuwa zimeshageuka unga.

Huku kwetu Ramadhani ikikaribia kuta hupakwa chokaa, na ofisi hii Bi Khadija huipaka kwa mkono wake. Cable ile ni ya bei rahisi, ndani ni aluminium iliyovishwa copper kidogo. Chokaa mbichi huila aluminium. Cable ingekuwa nzima, ganda lake lingeikinga.

Bi Khadija alikaa chini. "Wallahi sikuyua kama hapo ni ndia ya waya. Mimi hupaka kulla mwaka. Sasa watanifukuza?"

Nikamwambia chokaa yake haina kosa.

Jumatano nikatoa cable ya copper tupu iliyobaki stoo, nikaivuta juu karibu na dari, bila kiungo hata kimoja. 1 Gbps. Nilicheka peke yangu.

Alhamisi wakatokea na pikipiki kutoka gati la Mtangawanda, boss na fundi wake. Fundi akapima, akapima tena, akasema, "Hapa mimi sina kazi. Dada amemaliza."

Nikaweka mezani kile kipande chenye kiungo. Bwana Kilonzo alikitambua, niliiona sura yake. Lakini akasema, "Kumbe ni huyu mama na chokaa yake. Atafute kazi kwingine."

Hapo ndipo nilipochemka.

"Bwana Kilonzo, Bi Khadija amepaka ukuta. Aliyekata na kuunga ni nani?"

Alikisukuma kile kipande kando. Halafu akasema hayo yaishe, kwenye ripoti inayokwenda kwa mwenye ofisi, mkubwa wake yeye, niandike cable imeliwa na chumvi ya bahari.

Nikamjibu, "Mkataba wangu uko mezani kwako, ufanye utakavyo. Mimi nitaandika nilichokiona." Nikaiandika mbele yake, fundi akatia saini, nikaituma.

Mkataba nimepewa wa miezi mitatu badala ya mwaka. Nimeusaini. Bi Khadija yupo kazini, na mwakani atapaka chokaa kama kawaida yake.

Nilichojifunza: pima kipande kwa kipande kabla hujamnyooshea mtu kidole. Na ukishajua ukweli, usiufunike ili mkubwa apumue.

Wenye visa vya cable na maboss, leteni hapa. Wa kusema nimekosa adabu nao wasijifiche, nitawajibu wote.

Bwana Kilonzo siku hizi akianza kusema network iko slow, mimi nafungua droo tu.