Nafasi ya Nane

Juzi, huku kwetu Temeke, tulipanga mstari zahanati na watoto wetu wenye surua. Dresa, yule mhudumu wa kufunga vidonda, akatoka kututia moyo: "Msilie, jamani. Kati ya watoto kumi, wanane hupona."

Mama mmoja akahesabu vichwa kwa kidole. Alikuwa wa tisa. Akamgusa bega mzee aliye mbele yake.

"Shikamoo babu. Nipishe nafasi ya nane."

Mzee akamkumbatia mjukuu wake. "Marahaba. Ningekuwa mgonjwa mie, binti yangu, ningekupisha."

Nikafungua domo langu hili niwatanie: surua haifuati mstari, yaweza kuwaacha wote kumi, yaweza kuanza na wa kwanza. Nikalifumba. Nilikuwa nimeshahesabu. Mwanangu alikuwa wa saba, nami sikusogea.